Tupeane uzoefu: Kompyuta inayopozwa kwa maji, wewe ulimwaga nini ndani?

Mzee wa Studio
Wakuu kwema? Leo asubuhi nimefungua mashine yangu ya kuhariria video za harusi hapa Mwanjelwa, nikakuta mipira ya kupitishia maji imegeuka kijani kama bwawa la samaki. Na mimi niliweka maji yasiyo na rangi kabisa! Prosesa, ile chipu kuu, ilikuwa haizidi nyuzi 65, wiki hii inagonga 90 nikianza tu kutoa video ya mteja. Fundi aliyenifungia aliniambia "maji ni maji". Mlioko huku nyanda za juu, mlimwaga nini na kiliwakuta nini? Wa kuniambia nihamie feni apite tu.

Kihesa Juu
Nipo nasoma. Kijani hicho nakijua.

Binti Uyole
Mwani huo kaka. Mimi yangu niliiweka dirishani ili wateja waone taa zinavyocheza kwenye mipira. Baba akasema weka ya bomba, maji yetu yanatoka mlimani, masafi kuliko ya dukani. Ya kunywa, sawa. Miezi minne nafungua bloku, kile kipande cha chuma kinachokalia prosesa, vile vijifereji vyembamba kama nywele vimejaa ute, na juu yake utando mweupe wa chumvichumvi. Jioni nzima nasugua kwa mswaki na siki.

Kihesa Juu
Ungechemsha kwanza.

Binti Uyole
Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haiishi: nyingine inaganda kwenye birika, nyingine inabaki majini. Angalia birika la kwenu ndani lilivyo.

Mzee wa Kitonga
Vijana mnahangaika bure. Mimi fundi magari Ipogolo miaka 20. Kulanti, ile ya kupoza injini, inapandisha Fuso mlima Kitonga na mzigo wa viazi, itashindwa kisanduku cha mezani? Weka ile ya kijani, funga, sahau.

Fundi Kabwe
Shikamoo mzee. Fuso pampu yake inazungushwa na injini, hii yetu ni ya volti 12, ngumi ya mtoto ni kubwa kuliko hiyo. Umwage kulanti nzito bila kuchanganya, inahema. Halafu glaikoli, kile kimiminika kilichomo kwenye kulanti, inabeba joto kidogo kuliko maji matupu. Faida yake ni dawa ya kutu iliyomo. Mzee wa Studio, rejeta yako ni alumini au shaba? Kama ni alumini na bloku ni shaba, maji matupu yataila alumini taratibu, hizo metali mbili hazikai nyumba moja bila dawa. Kama zote ni shaba, maji yaliyotoneshwa (ya mvuke uliopozwa, hayana chumvi) na dawa kidogo ya kuua mwani yanatosha, unabadilisha kila miezi 6 hadi 12.

Mzee wa Kitonga
Marahaba. Na yakiganda je? Mbeya hakuna baridi siku hizi?

Mkinga wa Makete
Baridi ya Mbeya nayo ni baridi? Njooni Kitulo mwezi wa saba, beseni la nje asubuhi lina kioo juu.

Binti Uyole
Kwani kompyuta unaianika nje na beseni?

Mkinga wa Makete
Dada mbona unanivaa? Nimesema beseni.

Mchoraji Mafinga
Niliapa hii sitaisimulia, ila mmetaja maji yaliyotoneshwa, nimeshindwa kuvumilia.

Mwaka 2021, nachora ramani za nyumba hapa Mafinga. Nimesoma kwamba maji ya betri ndiyo hayo hayo yaliyotoneshwa. Nikamtuma mdogo wangu duka la spea, lita moja. Muuzaji akamuuliza, "Ya kujazia au ya kuanzia?" Dogo akajibu, "Yoyote." Hayo nimekuja kuyajua baadaye. Ikaja chupa nyeupe, haina lebo, maji angavu. Nikamwaga. Tone likanidondokea pajani, nikapangusa, nikaendelea.

Baada ya kufua, suruali ina tundu. Nikalaumu panya.

Mashine ikafanya kazi siku tisa, joto liko chini, najisifu. Siku ya kumi usiku, ramani ya mteja inatakiwa asubuhi Iringa, nasikia harufu kali inayokaba koo, kisha tone, tone. Rejeta ya alumini imetoboka sehemu tatu. Yale maji yametambaa juu ya kadi ya picha mpaka kwenye pawa saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme. Ikalia PAA, nyumba nzima giza. Mimi nikakimbilia kupangusa kwa kiganja! Kiganja kikaanza kuwaka kama nimemenya pilipili. Mke wangu kaja na tochi, kaangalia meza, kaangalia kiganja, akasema, "Baba Neema, ile suruali." Akaniburuta hadi kwenye ndoo ya maji, nikatumbukiza mkono. Halafu akachukua magadi soda ya maharage, akamwaga mezani. Meza ikachemka povu.

Asidi. Ya kuanzia betri mpya.

Kadi, mazabodi (ile bodi kuu), pawa saplai, vyote kwaheri. Diski ilipona. Mteja nilimwambia nimefiwa.

Kihesa Juu
Ya kujazia au ya kuanzia hahahaha nimeangusha chai

Mkinga wa Makete
Muuzaji angeshtakiwa huyo.

Fundi Kabwe
Kosa lake nini? Aliuliza swali, akajibiwa.

Mkinga wa Makete
Amejibiwa na mtoto! Asidi unampa mtoto?

Mchoraji Mafinga
Mtoto yupi, dogo ana miaka 24.

Mama Paka
Poleni. Mimi nilihifadhi kulanti ya gari kwenye kisahani sakafuni nikiwa natoa hewa kwenye mipira. Paka wangu akailamba, usiku haukuisha, kafa. Ile glaikoli ni tamu na ni sumu, wenye watoto wadogo angalieni.

Mzee wa Kitonga
Hilo la paka ni kweli, hapa gereji tulipoteza mbwa. Lakini bado nasema, kijani, funga, sahau.

Kihesa Juu
Mie miaka mitatu sijabadilisha na bado inaenda.

Binti Uyole
Inaenda wapi? Fungua bloku utupe picha.

Fundi Kabwe
Mzee wa Studio, ukishajaza upya usiwashe mashine nzima. Chomoa nyaya zote za umeme kwenye mazabodi na kadi, kwenye plagi ile kubwa ya pawa saplai unganisha waya wa kijani na mweusi, izunguke pampu peke yake. Tandaza tishu chini ya kila maungio, iache saa 24. Tishu ikilowa, umeokoa kadi. Na zile kulanti za rangi nzito kama maziwa, ziache kwa wapiga picha za maonyesho, zinaganda kwenye vijifereji.

Mzee wa Studio
Wakuu asanteni. Rejeta ni shaba, nimeangalia. Nimetoka duka la spea sasa hivi, nikasema "ya kujazia" mara tatu mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Nimefika nyumbani, nikamimina kidogo kwenye kikombe, nikatia magadi soda. Haikutoa povu. Nimetia tena. Mama watoto anauliza nakorogea nani uji.