Mahakama na wanasiasa wa Marekani wanachezea sheria za kubeba bastola, atakayepakiwa kwenye ndege ni mimi mwenye grini kadi

Wakuu, salamu baadaye. Leo nimekuja kutapika nyongo, atakayeona uzi mrefu apite kimya kimya.

Nipo jimbo la New York, siyo jijini, huku juu kaskazini kwenye theluji. Makaratasi ninayo (grini kadi, yaani ukaaji wa kudumu bila uraia), na bastola naimiliki kihalali. Darasa la muda wa saa 16, kulenga shabaha kwa saa 2 juu yake, alama za vidole, watu wanne wa kunidhamini tabia, mahojiano ana kwa ana. Sheria ilitaka mpaka orodha ya akaunti za mitandaoni za miaka mitatu nyuma, mahakama ikalizuia hilo. (Wangesoma grupu la ukoo wangekutana na michango ya harusi tu, ila sawa.)

Sasa nina swali moja dogo. Jumapili nikiwa zamu ya ulinzi kanisani kwetu, naruhusiwa kuwa nayo kiunoni au siruhusiwi? Ofisi ya leseni karani mmoja akasema ndiyo, mwenzake akasema hapana, bosi wao akaniambia nitafute mwanasheria. Mwalimu aliyekula hela yangu ya darasa anajibu "inategemea". Inategemea nini, mzee? Kosa la kubeba bastola eneo lililokatazwa kwenye jimbo hili siyo faini ya maegesho, ni jinai ya kufungwa!

Kwa ambao hawajalifuatilia sakata hili. Tangu 1913 New York ilikuwa na sheria kwamba ukitaka kutembea na bastola uoneshe sababu maalumu, na anayeipima sababu ni ofisa wa leseni. Kuogopa majambazi kama binadamu wengine haikutosha. Wanaume wawili wa kaunti ya Rensselaer wakanyimwa leseni kamili, wakashtaki pamoja na chama cha wenye bunduki cha jimbo, na tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta sheria hiyo kwa kura 6 kwa 3. Jaji Clarence Thomas akaandika kwamba kubeba silaha hadharani kwa kujilinda ni haki ya kikatiba, na serikali ikitaka kuibana haki hiyo ioneshe kwamba kizuizi chake kina mizizi kwenye historia ya nchi.

Basi tangu siku hiyo mawakili wamegeuka wafukua makaburi. Huyu anatafuta sheria ya karne ya 19 iliyokataza silaha kwenye mikusanyiko, yule anajibu kwamba hiyo ilikuwa ya jimbo moja tu, haihesabiki. Wamefukua mpaka sheria ya Uingereza ya mwaka 1328. Sheria ya Mfalme Edward ndiyo inaamua mimi nikipanda basi la mji nifanye nini!

Gavana Kathy Hochul naye hakungoja hata wiki mbili. Tarehe 1 Julai akasaini sheria mpya, ikaanza kazi 1 Septemba. Kwa kuwa hawawezi tena kukataza kubeba, basi wakajaza orodha ndefu ya "maeneo nyeti": treni, mabasi, bustani, baa, kumbi za starehe, Times Square nzima, na nyumba za ibada.

Hapo kwenye ibada ndipo panaponiuma. Mei 14 mwaka huohuo mbaguzi wa rangi alikuwa ameingia duka la Tops kule Buffalo akaua watu weusi kumi. Mmoja wao alikuwa mlinzi wa duka, alijibu kwa risasi, lakini muuaji alivaa kinga ya risasi mwilini. Kwa hiyo msije kuniambia nadhani bastola ni hirizi, sidhani hivyo. Ila wachungaji wa Buffalo na Niagara Falls waliposhtaki kwamba wanakatazwa kulinda waumini wao, niliwaelewa. Oktoba 2022 jaji wa shirikisho John Sinatra akaweka zuio, yaani katazo hilo la ibadani lisitumike kwa muda. Jimbo likakata rufaa. Desemba mahakama ya rufaa ikasimamisha mazuio, ikaacha kidirisha kwa waliopewa kazi ya ulinzi ibadani. Mei 2023 bunge la jimbo likabadili sheria lenyewe, likaruhusu "wanaohusika na usalama" wa nyumba ya ibada. Kesi nyingine za sheria hiyohiyo zikaendelea kupanda na kushuka: hukumu Desemba 2023, Julai 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha kwa mahakama ya rufaa iangaliwe upya, Oktoba 2024 mahakama hiyo ya rufaa ikatoa majibu karibu yaleyale, Aprili 2025 wakubwa wa Mahakama ya Juu wakakataa kuisikiliza.

Haya, nani "anayehusika na usalama"? Barua ya mchungaji inatosha? Au uamuzi wa kikao cha wazee? Kanisa letu ni la Wakongo, Warundi na sisi Watanzania wachache. Wengi wao walizikimbia bunduki kwao, na ndio haohao walioomba pawe na mtu mlangoni. Makanisa makubwa yana mwanasheria wa kukaa nao na kuandikiana makaratasi. Sisi tuna mzee wa hazina na daftari lake.

Na msidhani ni New York peke yake. Illinois inakataza bastola kwenye usafiri wa umma hata ukiwa na leseni. Watu wanne wakashtaki, Agosti 2024 jaji wa shirikisho akasema katazo hilo linavunja haki zao. ZAO, wakuu. Hukumu ikawahusu wale wanne waliotajwa kwenye kesi. Behewa moja la Chicago, abiria wawili wenye leseni zilezile, mmoja katiba inamlinda na jirani yake anakwenda ndani! Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2025, mahakama ya rufaa ikaitengua, hata wale wanne wakapoteza.

Maduka nayo ni kichekesho. New York ilisema sehemu binafsi yote ni marufuku mpaka mwenyewe atangaze kwamba anaruhusu. Mahakama ikalikataa hilo kwa sehemu zilizo wazi kwa umma. Hawaii wana sheria inayofanana, mahakama ya rufaa ya kwao ikaibariki, na Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kuisikiliza.

Sasa niwaambie kwa nini hasira yangu siyo ya Mmarekani. Raia akikosea hapa atalipa wakili, atafungwa, atatoka, atarudi nyumbani kwake. Sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, YOYOTE ile, anaweza kuondolewa nchini. Kipengele hicho chenyewe hakijali umekaa miaka mingapi, watoto wamezaliwa wapi, nyumba umeilipia kiasi gani. Na jaji wa uhamiaji hatakuuliza kama siku ile zuio lilikuwa limewekwa au limesimamishwa. Wenye viza za muda ndiyo msiguse kabisa, kwa kawaida hamruhusiwi hata kuimiliki.

Madereva wa malori humu mnanielewa zaidi. Leseni yangu ya kaunti haifanyi kazi ndani ya Jiji la New York bila kibali cha polisi wa jiji. Jimbo lilelile! Ukivuka New Jersey ndiyo balaa lingine. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye leseni halali ya Pennsylvania, alisimamishwa huko, akamwambia askari mwenyewe kwa uaminifu kwamba ana bastola. Akakabiliwa na kifungo cha miaka, mpaka gavana Chris Christie alipomsamehe 2015. Yule alikuwa raia, na magazeti yalimpigia kelele. Mimi nani atanipigia kelele? Sheria ya shirikisho inakulinda ukipita jimbo, ila bastola iwe haina risasi na iwe mbali nawe, kwenye buti. Gari lisilo na buti, iwe ndani ya sanduku lenye kufuli, na kidroo cha mbele ya abiria hakihesabiki hata ukikifunga.

Vyama vya bunduki vinachangisha hela kila hukumu, wanasiasa wanachangisha kila zuio. Wanaoishi katikati hapo, wakiambiwa hiki leo na kile Jumatatu, hakuna anayewachangia hata nakala ya sheria iliyoandikwa kwa lugha ya binadamu. Mngekataza moja kwa moja ningeiuza kesho nikalala usingizi. Mngeruhusu moja kwa moja ningejua pa kusimama.

Kwa sasa nimewaambia wazee wa kanisa waniandikie barua ya uteuzi, isainiwe, na mpaka iwepo nasimama mlangoni mikono mitupu. Walioko Rochester, Syracuse na Albany, makanisa yenu yamefanyaje? Mwenye mfano wa barua iliyopitiwa na mwanasheria wa jimbo hili anitumie inbox. Na wewe unayejiandaa kuniandikia "si uombe uraia tu", fomu wanayo watu wa uhamiaji, ada wameshakula, sasa sijui unataka nikaapishwe na nani.