Droni ya mashindano: nianze na ya inchi 5 au kile kidogo cha ndani?

KijanaWaTudor: Salaam wakuu. Nimeweka akiba miezi sita, sasa nimekwama njia panda. Kuna jamaa anauza droni ya inchi 5 (kipimo cha propela) iliyotumika, pamoja na betri nne za seli 6. Au nichukue seti ya kuanzia yenye kile kidogo cha milimita 75 (mota hadi mota), rimoti na miwani ya kuonea picha ya droni vimo. Maishani sijarusha kitu ila tiara.

Fundi_Majengo: Kidogo, shekhe. Kikigonga ukuta unakiokota, unaendelea. Hiyo ya inchi 5 na betri yake inakaribia gramu 700, na kilomita 100 kwa saa inazipita bila jasho. Mimi nilichomeka betri mezani, propela sijazitoa. Mota zikaamka. Kidole cha shahada kina alama tatu mpaka leo.

BintiNyali: Kwa ukubwa nakubaliana naye, ila seti siisifu. Nunua rimoti nzuri ya ELRS (mfumo wa mawimbi wa kuunganisha rimoti na droni) peke yake, uichomeke kwenye kompyuta, uingie VelociDrone, ule mchezo wa kujifunzia kurusha. Mimi nilifanya saa ishirini hivi kabla sijagusa droni. Anza moja kwa moja na akro, ile isiyojisawazisha. Siku ya kwanza utalia. Droni utavunja na kubadilisha, rimoti unabaki nayo.

KijanaWaTudor: Da Binti, na upepo wetu huu?

MzeeWaKusi: Hapo ndipo wenzangu wanaponyamaza! Changu cha milimita 75 nilikirusha Bamburi kusi imekaza. Nasukuma mbele, chenyewe kinarudi nyuma kama karatasi, mpaka majini. Hicho ni cha ukumbini au uani. Ukitaka nje bila kuua mtu, tafuta ya inchi 3. Na bodi uipake vanishi ya kielektroniki, chumvi ya hapa inakula shaba.

Fundi_Majengo: Inchi 3 kwa mtu wa tiara? Bado mapema, mzee. Halafu kijana, usajili wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usiuruke, na usirushe upande wa uwanja wa ndege wala Mtongwe kwa wanamaji.

KijanaWaTudor: Basi naanza na rimoti. Jamaa wa inchi 5 ananisukuma, eti kuna mteja mwingine.

BintiNyali: Mwache achukue. Betri zake uliziona?

KijanaWaTudor: Niliziona. Moja imeumuka kama mahamri.

Fundi_Majengo: Hiyo hata ya bure usipande nayo matatu.