Tupeane uzoefu: Uliingiaje kwenye kazi ya filamu ukiwa kijana?

Mleta mada, Dar es Salaam
Wakuu, habari za jioni. Vijana waliomaliza shule wananiandikia mara kwa mara wakiuliza waanzie wapi ili waingie kwenye filamu. Wengi wanawaza kuonekana kwenye skrini tu, wote wamepanga foleni kwenye mlango mmoja. Naomba tuwaandikie tulivyoingia kweli, na kazi yenyewe ilivyo.

Mimi niliingia kwa kubeba nyaya na betri kwenye tamthilia iliyokuwa ikirekodiwa Kigamboni. Mtu wa sauti hakuwa na msaidizi, nami nilikuwa namuuliza kila anachofanya, mwisho akanikabidhi fimbo ya maiki. Sauti ndiyo inayoharibu kazi nyingi za Bongo. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno yasiposikika anahama chaneli. Ukifika lokesheni, yaani mahali pa kurekodi, kabla hujatoa maiki kwenye begi, simama katikati ya chumba usikilize: feni, jenereta ya jirani, bodaboda, mabati yanavyolia jua likipanda. Friji unaizima. Fundi aliyenifundisha alikuwa anaweka ufunguo wa gari lake ndani ya friji aliyoizima, ili asiweze kuondoka bila kuiwasha tena na mwenye nyumba akakuta samaki wameharibika. Sini, yaani kipande kimoja cha hadithi, ikiisha, omba wote wanyamaze nusu dakika urekodi ukimya wa chumba kilekile. Mhariri atautumia kuziba mapengo kwenye maongezi. Watu watanung'unika, wana njaa na jua linazama. Usiondoke bila huo ukimya.

Mchangiaji, Bagamoyo
Nimepita TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ile iliyokuwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Nilikwenda nikitaka uigizaji, nikapigishwa ngoma na kuchezeshwa mpaka mwili ukajua kutii. Ila ajira yangu ya kwanza ilikuwa kutunza kontinyuiti, yaani kuhakikisha vitu havibadiliki ovyo kutoka picha moja hadi nyingine, na vijana wengi hawajui kama kuna kazi hiyo. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Nyumba ikikodiwa siku mbili, sini zote za nyumba hiyo zinapigwa humo: msiba asubuhi, posa mchana, na ugomvi ulioanzisha yote usiku. Sasa lazima awepo mtu anayejua kwamba dada alipotoka mlangoni fundo la kanga lilikuwa kushoto, glasi ya juisi ilibaki nusu, na jeraha la shavuni lilikuwa bado bichi. Kila dairekta akisema "kata" napiga picha kwa simu, halafu naandika daftarini sini namba ngapi, mkono gani ulishika nini, neno gani lilikuwa likitamkwa mkono ulipoinuka. Mwenye jicho la namna hii ataitwa tena na tena, maana ni wachache.

Mchangiaji, Mwanza
Naomba niseme lile ambalo huwa tunalizunguka. Usaili wangu wa kwanza niliambiwa nifuate nafasi gesti, usiku. Sikwenda. Nafasi akapewa mwingine, nami nikasemwa kwamba najidai. Wadogo zangu, usaili hufanyika mchana, mahali penye watu, na unapewa kipande cha skripti ukisome. Nenda na mwenzio. Meseji zote zitunze. Kudai rushwa ya ngono ni kosa la jinai, limo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na namba ya TAKUKURU ni 113.

Leo naigiza. Nilipitia kikundi cha mtaani kilichokuwa kinaigiza elimu ya afya minadani. Pale hakuna maiki, na watu wamekuja kununua ng'ombe; ukiweza kuwafanya wasimame wakusikilize, kamera haitakutisha.

Mchangiaji, Unguja
ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ipo tangu 1997, na kujitolea pale ni shule. Mimi nilipanga viti na kuelekeza wageni Ngome Kongwe. Kazi ikiisha unakaa na kutazama filamu za nchi ambazo hukuwahi kuzifikiria, kisha aliyeitengeneza anasimama mbele kujibu maswali. Muulize alifanyaje pale pesa zilipokwisha. Kazi yangu ya kwanza ya malipo ilitoka kwa mgeni aliyekuwa anatafuta pa kurekodi Mji Mkongwe. Nilijua wenye nyumba, na nilijua uchochoro gani unapata jua saa ngapi. Hilo tu lilitosha.

Mchangiaji, Nairobi
Mimi nilianzia kwa video za arusi na za kanisa. Msizidharau, maana bibi arusi hawezi kurudia kuingia ukumbini, kwa hivyo unajifunza kuwa tayari. Na mtu wa kuediti huishi kwa nakala: weka tatu, moja isikae nyumba moja na zile nyingine, na usifute memori kadi kabla ya kufungua kila faili. Pia, MultiChoice Talent Factory, mpango wa kufundisha vijana kazi ya filamu, ilianzisha akademia ya Afrika Mashariki hapa Nairobi mwaka wa 2018, na iliwachukua hata vijana wa Tanzania. Ulizeni kwanza kama bado wanachukua vijana.

Mchangiaji, Dar es Salaam
Naongezea malipo. "Tutakulipa kazi ikitoka" nimeisikia, kazi ikatoka, simu yangu ikawa haipokelewi. Sasa nadai karatasi hata kama ni ya siku moja: kazi yangu ni ipi, kiasi gani, kinalipwa tarehe gani, na jina langu litaandikwaje mwisho wa filamu. Waandishi wa skripti, isajilini kazi yenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kuanza kuigawa. Haki unayo tangu ulipoiandika, lakini usajili unakupa ushahidi.

Mchangiaji, Tabora
Shikamooni wakubwa. Nina simu tu, sina kamera, na kazi ya sauti nimeipenda. Nikimwandikia prodyuza niseme nini?

Mleta mada
Marahaba mdogo wangu. Kwanza tafuta maiki ndogo ya kubana kwenye shati, ya waya inatosha. Rekodi watu wawili wakiongea dakika mbili chumbani, halafu warekodi tena sokoni, kila neno lisikike. Hiyo ndiyo ya kutuma. Ujumbe uwe mfupi: jina, unapokaa, unaomba kusaidia sauti, na kiungo cha hiyo kazi. Habari za ndoto yako ziache, anazisoma kila siku. Na kama una ndugu wa kukulaza Dar, mtaje na mtaa wenyewe, maana wito wa lokesheni mara nyingi ni saa kumi na moja alfajiri, na prodyuza atataka kujua utafikaje.