Wazazi wametengana, mmoja anadai alikuwa akipigwa: mahakama inampa nani watoto?

Mdau_wa_Mabibo
Wakuu, heshima mbele. Naomba msaada kwa wanaozijua sheria za Tanzania. Mume na mke wa ndoa wametengana, wana watoto wawili, wa miaka 4 na wa miaka 9. Mke anasema alikuwa akipigwa, mume anakana. Ukoo wa mume umeshika msimamo: wa miaka 9 ameshapita saba, kwa hiyo ni wa baba. Ni kweli? Na kama hakuwahi kwenda polisi, hakimu atamwamini? Aanzie wapi?

Karani_Mstaafu
Hiyo ya "akifika saba ni wa baba" ni sheria ya vijiweni. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema kuna dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama, na dhana hiyo inapinduliwa kwa ushahidi. Akivuka saba, dhana imeisha, basi. Haihamii kwa baba. Kinachotangulia kwa watoto wote wawili ni ustawi wao. Matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto anayeweza kujieleza na mila za jamii husika vinasikilizwa, ila vinakaa chini ya hilo. Huyo wa miaka 9 hakimu anaweza kumwita chemba (ofisini kwake) na kuzungumza naye bila wazazi.

Pa kuanzia panategemea anataka nini. Akitaka talaka, apite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa (la kata, au la dini yake) apate cheti kuwa usuluhishi umeshindikana. Bila cheti, shauri la talaka hutupwa kwa kuwa limeletwa kabla ya wakati, na miezi kadhaa imeshapotea. Kifungu cha 101 kina misamaha, mojawapo ni mazingira ya kipekee yanayofanya baraza lisiwezekane. Kama kukaa na mume chumba kimoja barazani ni hatari, aieleze mahakama hivyo tangu kwenye maombi, asisubiri kuulizwa. Akitaka hifadhi ya watoto na matunzo tu, bila talaka, aende Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Huko cheti cha baraza hakidaiwi.

Wakili_Pembeni
Niongeze kwenye ushahidi, maana hapo ndipo wengi wanaanguka.

Kutokwenda polisi hakuui madai. Hili ni shauri la madai, linapimwa kwa mizani ya uwezekano, yaani maelezo ya nani yanaelekea zaidi kuwa kweli. Hata kesi ya jinai ikifutwa, hakimu wa hifadhi anaweza kuridhika kwamba kipigo kilikuwepo. Lakini lazima apewe kitu cha kushika. Kama kuna jeraha sasa hivi, aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, achukue namba ya RB (namba ya taarifa kituoni) na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), daktari aijaze siku hiyohiyo. Jeraha la wiki tatu zilizopita daktari ataandika "kovu", na kovu halisemi lilitoka wapi. Kama kipigo ni cha zamani, atafute kadi ya zahanati, jirani aliyefungua mlango usiku ule, mjumbe aliyeitwa, mwalimu aliyeona mtoto amebadilika. Ujumbe wa simu: picha iliyochapishwa peke yake hupingwa kirahisi. Aitunze simu yenyewe, asifute chochote, na aandae kiapo kinachoeleza ujumbe ulitoka namba ipi na ulichapishwaje.

Kosa kubwa zaidi ni kueleza ugomvi wa watu wazima na kumsahau mtoto. Angalia tofauti. "Mume wangu ni mkatili, amenitesa miaka yote." Hiyo hakimu anaisikia kila wiki. Sasa hii: "Jumapili moja ya mwezi wa tatu, saa mbili usiku, alinipiga jikoni, mdogo akiwa mgongoni kwangu, mkubwa alikimbilia kwa jirani, na Jumatatu hakwenda shule." Hapo kuna siku, mahali, shahidi na mtoto aliyeumia bila kuguswa.

Baba_Wawili
Na wanaosingizia je? Siku hizi kila talaka ina "alinipiga".

Wakili_Pembeni
Mkuu, ndiyo maana mahakama humwagiza afisa ustawi wa jamii afanye uchunguzi. Anatembelea nyumba zote mbili, anaongea na watoto, shule na majirani, kisha anaandika ripoti. Hakimu hafungwi nayo, ila huipa uzito. Anayetunga hujulikana pale maelezo ya baraza, ya polisi na ya kizimbani yanapopishana, au mtoto wa miaka minne anapoongea kama wakili. Baba anayesingiziwa asijibu kwa kumchukua mtoto shuleni na kumpeleka kwa bibi mkoani. Hapo amejichimbia kaburi, kwa sababu kumyumbisha mtoto ni jambo ambalo sheria yenyewe inataka liepukwe.

Karani_Mstaafu
Tena kukosa hifadhi si kufukuzwa kwenye maisha ya mtoto. Hata kipigo kikithibitika, mara nyingi baba hupewa kuwaona, kwa masharti. Ombeni amri iliyo wazi. "Baba atawaona watoto kwa wakati muafaka" ni mbegu ya ugomvi. Bora: Jumamosi saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, ofisi ya ustawi wa jamii, watoto wapelekwe na shangazi aliyetajwa, wazazi wasikutane. Kifungu cha 139 kinaruhusu pia amri ya kumzuia mwenza kumsumbua mwenzake. Kenya wana sheria yao ya kinga dhidi ya ukatili wa majumbani tangu 2015. Sisi hatuna sheria moja ya namna hiyo, kwa hiyo amri hiyo iombwe kwa kutajwa, haiji yenyewe.

Mdau_wa_Mabibo
Nimewapata. Na asiporidhika na uamuzi?

Karani_Mstaafu
Rufaa ya shauri la ndoa ni ndani ya siku 45. Aombe nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa. Na hali ikibadilika baadaye, hahitaji rufaa: anarudi mahakama ileile kuomba amri ya hifadhi ibadilishwe.