Ushauri: sehemu ya michezo aliyoacha mzee inataka kuwekwa urithi, nikatae?

Wakuu habari zenu. Mzee alituachia uwanja wa burudani wa kizamani, una rolakosta ya mbao (kile kitreni cha kupanda na kushuka kwa kasi) na karuseli (lile duara linalozunguka) ya farasi waliochongwa kwa mkono. Wamekuja watu wa mambo ya kale wanataka kuuorodhesha, ndugu zangu wanataka kuuza, mimi nipo katikati silali. Ukishaorodheshwa ndo basi sigusi hata msumari?

SitiYaNyuma: Nimeshakaa, endelea.

FundiMbao: Inategemea sheria za ulipo mkuu. Marekani ukiwa kwenye orodha ya taifa ya urithi na unatumia hela yako mwenyewe unaweza hata kubomoa, kinachobana ni ulinzi wa jiji, kama Cyclone, rolakosta ya mbao ya Coney Island ya 1927, New York waliilinda 1988. Na mbao zinaoza, lazima uguse tu. Mimi nilipanda ile ya Margate Uingereza ya 1920, breki anashika mtu aliyepanda humohumo kwenye treni, we acha! Iliungua 2008 ikiwa kwenye ulinzi, wakaijenga upya ikarudi 2015.

MamaWawili: Jasho la baba mnakimbilia kuuza. Sisi tuliuza shamba, mpaka leo hatusalimiani.

SwaliMoja: Farasi wako wangapi?

Mwenye uzi: Hilo linahusiana nini?

SwaliMoja: Karuseli nyingi zimekufa hivyo, wakusanyaji wananunua farasi mmoja mmoja mpaka linabaki duara tupu. Wangapi?

Mwenye uzi: Sawa. Walikuwa 36, wamebaki 29. Dalali alilipa kabla hao watu hawajaja na hela ilienda kwenye paa, sikuinywea. Kianzio cha waliobaki nacho nimeshapokea, sasa nirudishe nini wakati mabati yameshapigwa?

Kibatari: Chai hii wakuu. Watu wa urithi wapite kwenye karuseli yenye nafasi saba wazi wasiulize?

Mwenye uzi: Waliuliza. Nikasema wapo kwa fundi.

FundiMbao: Kwangu hawapo 😂

MamaWawili: Na ndugu zako wanajua?

SitiYaNyuma: Afadhali wewe umeuza kimyakimya. Uwanja wa burudani wa Steeplechase huko Coney Island, mwaka 1966 Fred Trump, baba yake Donald Trump aliyeununua, aliita watu kwenye sherehe warushe matofali kwenye vioo kabla haijabomolewa.

Kibatari: Bado nasema chai. Weka picha.

Mwenye uzi: Picha siweki, dalali anaingia humu. Wakuu nimeuliza kama naweza kukataa, hamjajibu.