Heller tano ya Mjerumani: imesuguliwa, au wanunuzi wanatuonea?

Mjukuu wa Pangani:
Wadau, naomba busara zenu. Marehemu shangazi ameniachia heller tano, sarafu ya enzi za utawala wa Mjerumani, ile kubwa ya shaba ya 1909, taji upande mmoja, upande wa pili 5 HELLER ndani ya shada na herufi J ndogo. Nimeipeleka kwa mnunuzi mmoja hapa Dar. Akaigeuzageuza chini ya taa, akasema "hii imesuguliwa", akanipa nusu ya bei tuliyokubaliana kwenye simu. Mimi naiona safi, inang'aa, haina kutu ya kijani. Rangi yake inaelekea waridi, ila kwenye pembe za herufi kuna weusi. Anajuaje? Na hata kama imesuguliwa, ni haki kumkata mtu nusu ya bei?

Fundi Lenzi:
Mkuu, maelezo yako yenyewe yamemaliza kesi. Shaba ya zaidi ya miaka mia haibaki na rangi ya waridi. Ikitoka mashineni huwa nyekundu, kisha hewa inaigeuza kahawia polepole, na kahawia hiyo hutanda uso mzima. Yako imekwenda kinyume: uwanja, yaani sehemu tambarare ya sarafu, umevuliwa, weusi umebaki pale kitambaa kilipokosa kufika.

Zima taa zote, acha moja. Shika sarafu kwa ukingo, izungushe taratibu. Ambayo haijaguswa, mng'ao wake hutembea usoni kadiri unavyoigeuza. Iliyosuguliwa hung'aa yote kwa pamoja, mng'ao umelala. Halafu weka lenzi ya kukuza mara kumi: utaona mikwaruzo myembamba imeelekea upande mmoja, inapita uwanjani, ikifika kwenye herufi inakatika. Mikwaruzo ya mfukoni haina mpangilio, kila mmoja na njia yake.

Nyie watu wa pwani na ukwaju wenu mmetumalizia sarafu. Kila shaba mnaiona sinia la harusi.

Bi Mrima:
Hiyo ya mwisho umeiandika ya nini? Kijana wa watu ameuliza swali lake kwa adabu, wewe unaingiza kabila la watu. Bibi zetu wamesafisha kwa ukwaju masinia, madele ya kahawa na misumari ya milango, na wageni wakija kupiga picha milango ile hawaulizi nani aliisugua, wanasifia tu. Heller ile ilikuwa pesa ya kununulia samaki na mafuta ya taa. Shangazi yake aliisugua kwa sababu aliithamini. Leo mtu aliyeitunza maisha yake yote anaambiwa ameiharibu, na dalali aliyeiona juzi ndiye hakimu!

Kijana wa Ilala:
Namuunga mkono Bi Mrima. Hizi sheria nani kazitunga? Kampuni za Marekani, PCGS na NGC, ndizo zinazofungia sarafu kwenye plastiki na kuipa alama, mwisho sabini. Ikionekana imesafishwa vibaya hupewi namba, wanaandika tu kasoro yake. Lakini hao hao NGC wana kampuni dada, NCS, kazi yake kuziondolea sarafu uchafu kwa malipo! Wao wakisafisha inaitwa kuhifadhi, shangazi wa Pangani akisafisha inaitwa kuharibu. Hapo ndipo naona uonevu.

Fundi Lenzi:
Kijana, usichanganye mambo. Asetoni, kimiminika cha kuyeyushia rangi na gundi, inaondoa mafuta, gundi na mabaki ya plastiki, shaba yenyewe haiigusi. Ndimu, ukwaju, siki ni asidi, zinakula ngozi ya sarafu. Ukichanganya na chumvi ndiyo kabisa, inatoka waridi mtupu kama hiyo inayozungumziwa. Sarafu ya madini ya fedha nayo ina dawa yake ya kuchovya, inaondoa weusi wa salfa, lakini ukiirudia rudia mng'ao unakufa. Uso ukishaliwa haurudi. Habari ya kabila sikuitaja mimi, nimetaja ukwaju.

Bi Mrima:
Umeandika "nyie watu wa pwani". Panda juu ukasome.

Mzee wa Isevya:
Wanangu, punguzeni moto. Fundi, kanuni yako ya mng'ao unaotembea ni ya sarafu ambayo haikutumika. Heller iliyopita mikononi mwa watu sokoni ilishapoteza mng'ao huo kabla hata Mjerumani hajaondoka. Hiyo utaipima kwa rangi na mikwaruzo tu. Na njoo huku kwetu Tabora: heller ishirini za 1916 zilipigwa vitani, kwenye karakana ya reli, nyingine shaba nyekundu, nyingine ya manjano. Nyingi zilitoka na nakshi hafifu tangu siku ya kwanza. Nimeona mnunuzi akimwambia mama mmoja kwamba yake imesuguliwa mpaka ikafifia, naye ananunua kwa bei ya soda. Huo ulikuwa wizi, na neno "imesuguliwa" ndilo lililokuwa panga lake.

Mlinda Urithi:
Mnajadili bei, mimi nauliza kwa nini vitu hivi vinauzwa kabisa. Kuna sheria ya mambo ya kale ya 1964. Vitu vya zamani ni mali ya taifa.

Kijana wa Ilala:
Sheria hiyo inahesabu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Heller ni ya 1909. Kwa umri wake haimo.

Mlinda Urithi:
Na riale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha za malkia wa Austria, zilizojaa Zanzibar? Zimeandikwa 1780!

Mzee wa Isevya:
Zimeandikwa hivyo zote. Malkia mwenyewe alifariki mwaka huo huo, na riale zake zikaendelea kupigwa kwa mwaka ule ule, Vienna, London, Bombay na kwingineko. Vienna wanazipiga mpaka leo. Ukikamata riale kwa mwaka wake utakamata ya juzi.

Mjukuu wa Pangani:
Wazee wangu, mimi bado nina heller mkononi. Nifanye nini?

Fundi Lenzi:
Usiisugue tena, na usiipake mafuta ya nazi kuirudishia ukahawia, watu hufanya hivyo na harufu inawaumbua. Ipime: heller tano hii ni gramu 20, upana milimita 37. Ikiwa sawa, hiyo ni dalili kwamba si bandia. Ukiiuza, mwambie mnunuzi mapema kwamba imesafishwa, hapo hana la kukupunja nalo. Nusu ya bei kwa shaba iliyovuliwa hivyo si uonevu, ndivyo soko lilivyo. Anayeificha ndiye anayetuharibia sote.

Bi Mrima:
Soko la nani? Mjukuu, usirudi kwa huyo wa Dar. Mimi nipo Tanga, nina kabati la vitu vya mama yangu, na heller ile kubwa sina. Waridi yake hainisumbui, namjua aliyeisugua ni mtu wa namna gani. Taja bei kamili mliyokubaliana kwenye simu.

Mjukuu wa Pangani:
Shikamoo Bi Mrima. Nakuandikia sasa hivi.