Walimu wakuu wa shule za mjini Arusha, uongozi mlijifunzia wapi? Tupeane uzoefu

Mtoa mada: Habari zenu wakuu. Ualimu tumesomea, vyeti tunavyo. Ila barua ya ualimu mkuu inakukuta darasani na chaki mkononi, na mara unajibu hoja za wakaguzi wa hesabu, unasuluhisha walimu walionuniana, mlangoni kuna foleni ya wazazi. Tangu elimu bila ada ianze 2016 shule za mjini zimefurika. ADEM Bagamoyo wanatoa mafunzo ya uongozi wa elimu, lakini wengine hufika huko kiti kimeshawapinda mgongo. Nani alikufundisha kazi? Walimu wa kawaida nanyi semeni, ni mkuu gani aliwajenga?

Chaki Nyeupe: Mimi nilianza kwa kukaimu. Makabidhiano yalikuwa funguo, mafaili na "utazoea tu". Aliyeniokoa ni mwalimu mkuu msaidizi, mama mtu mzima, aliyenikalisha chini na ruzuku ya uendeshaji. Tumezoea kusema Sh 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, yeye akanionyesha kwamba Sh 4,000 hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, na kinachoingia shuleni kina mafungu yake. Ukinunulia bati hela ya mitihani, hoja inakusubiri. Hilo chuo cha ualimu hawakunigusia hata siku moja.

Mama Sombetini: Mkuu wangu wa kwanza alikuwa anaingia darasani kwangu bila kupiga hodi, anakaa dawati la nyuma na daftari lake. Nilimchukia, nisiwe mnafiki. Watoto wamebanana wanne wanne, mimi nafundisha nusu sauti imekauka. Kipindi kikiisha hasemi "umefundisha vizuri", anakuuliza: wale wa dirishani umewauliza swali gani leo? Ukijitafakari, kweli, waliojibu wote ni safu mbili za mbele.
Baadaye yakaja mambo ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yeye akayachukua kwa moyo. Jumuiya ya kujifunza tulikaa baada ya vipindi, mada anachagua aliyekwama. Kuna siku ilikuwa kugawanya sehemu kwa sehemu. Mmoja anafundisha, sisi wengine ni darasa la sita, na ukijua jibu unakatazwa kulisema. Tulicheka sana, lakini ikaonekana wazi kuwa walimu wenyewe tulikuwa tunakariri "geuza ya pili uzidishe" bila kujua kwa nini.

Kijana wa Ngarenaro: Mama una bahati. Nilipokuwa mimi MEWAKA ilikuwa picha za WhatsApp. Tunakusanyika, tunasaini, tunapigwa picha, anatumiwa afisa elimu kata, kila mtu anakimbilia tuisheni. Mafunzo yale yale, mwongozo ule ule. Mkuu asipokaa mwenyewe kwenye kikao, nani atakaa?

Bomang'ombe: Nimefundisha Moshi mjini na vijijini. Mjini kichwa kinauma kwa mambo ya nje ya geti. Watoto wanahama kodi ya nyumba ikiwashinda wazazi, wengine siku za soko wanauza mifuko. Mkuu wetu alikuwa na namba za wenyeviti wa mitaa wote. Mtoto akikosekana siku mbili, simu inapigwa mtaani kabla ya barua. Mambo hayo angefundishwa na nani?

Mtoa mada: Mama Sombetini, hilo daftari la mkuu wako lilikuwa na fomu maalum? Nataka kuanza Jumatatu.

Mama Sombetini: Fomu wapi! Alichora madawati kama yalivyo, akaweka nukta kila mtoto anapoulizwa. Kipindi kikiisha anakupa ukurasa wenyewe, nakala habaki nayo. Hilo la nakala ulizingatie, maana walimu wakijua unaiweka kwenye faili, watakufundishia maigizo.